Maswali na Majibu ya Fasihi: Kama Tom hakuwa na hatia, wakili wake alishindwa wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu anasoma shule inayofuata mtaala wa Uingereza, na mwaka huu wanasoma riwaya ya To Kill a Mockingbird ya Harper Lee. Mwongozo tulioununua unasema Tom Robinson alipatikana na hatia ya ubakaji kwa kuwa wakili wake, Atticus Finch, hakuleta ushahidi wa daktari wala shahidi aliyeona tukio. Binti ananiuliza: kama wakili alishindwa kuthibitisha, huo ujasiri wake tunausifu kwa lipi? Nimekosa jibu. (Mama wa mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Marahaba, mama. Mwongozo huo naufahamu, na kama si huo basi ni ndugu yake. Kila muhula nasahihisha insha zenye sentensi hiyohiyo, mpaka koma imekaa palepale. Binti yako ameuliza swali zuri kutokana na maelezo ya uongo, kwa hiyo tuanze na maelezo.

Mzigo wa kuthibitisha kosa ni wa upande wa mashtaka. Wakili wa utetezi hadaiwi daktari. Tena aliyeliibua suala la daktari mahakamani ni Atticus mwenyewe. Alimuuliza sherifu (mkuu wa polisi wa eneo), Heck Tate, kama kuna aliyeita daktari usiku ule, na jibu likawa hakuna. Msichana wa kizungu, Mayella Ewell, anasemekana amebakwa na kupigwa na Tom, mtu mweusi, baba yake kamwona, sherifu kamwona, na hakuna aliyehangaika kumtafuta daktari. Pengo hilo ni la mashtaka. Mwandishi wa mwongozo kalichukua akambebesha mtetezi, na sijui kama sura ya 17 aliisoma au aliisikia kwa watu.

Angeisoma angekutana na jicho. Tate anaanza kwa kusema jicho la Mayella Ewell lililovimba ni la kushoto. Atticus anamuuliza: kushoto kwake yeye, au kushoto kwako uliyekuwa unamtazama? Sherifu anafikiri, anajirekebisha: ni la kulia, yaani aliyempiga uso kwa uso huenda alitumia mkono wa kushoto. Baadaye Atticus anampa Bob Ewell, baba wa msichana, kalamu na bahasha aandike jina lake, na mahakama nzima inaona kuwa ni mashoto. Kisha Tom anaambiwa asimame. Mkono wake wa kushoto umekauka, mfupi kuliko wa kulia, kwa sababu akiwa mtoto ulinaswa kwenye mashine ya kuchambua pamba. Alipokuwa anaapishwa mkono huo haukuweza hata kukaa juu ya Biblia, uliteleza. Na shingo ya Mayella ilikuwa na alama za vidole kuizunguka yote. Mtu wa mkono mmoja anazungushaje shingo nzima?

Kwa hiyo ushahidi ulikuwepo, na ulitosha na kubaki.

Hapa ndipo miongozo inaponichosha. Wote wanaandika kana kwamba ubaguzi ni upungufu wa taarifa, yaani wale watu wangejua ukweli wangetenda haki. Riwaya inasema kinyume chake. Wale 12 wa jopo, raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, walijua. Walikaa wakasikiliza kila neno, na walipokwenda kujadiliana walichukua saa kadhaa mpaka usiku ukawa mkubwa, kwa sababu ukweli ulikuwa wazi kiasi cha kuwasumbua. Halafu wakarudi na hatia. Walichokuwa wanaamua si kama Tom alibaka, bali kama neno la mtu mweusi linaweza kusimama juu ya neno la mzungu, hata mzungu anayedharauliwa na mji mzima kama Bob Ewell. Kwa Alabama, jimbo la kusini mwa Marekani, ya miaka ya 1930 hilo halikuwezekana.

Wasomaji wetu wengi wanalichanganya jopo hilo na wazee wa baraza tuliowazoea katika mahakama zetu. Wazee wa baraza walimpa jaji maoni, naye hakulazimika kuyafuata. Jopo la Marekani ndilo lenyewe linaloamua hatia. Na jopo la Maycomb, mji wa kwenye riwaya, lilikuwa la wanaume weupe watupu, wengi wakulima. Wanawake hawakuruhusiwa na sheria ya jimbo, na watu weusi hawakuitwa. (Kenya ya ukoloni haikuwa mbali na hayo: Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na jopo la Wazungu wenzake, Mwafrika hakuwa nayo.)

Anayedhani mwandishi alitia chumvi aangalie kesi ya Scottsboro, Alabama hiyohiyo. Mwaka 1931 vijana tisa weusi walishtakiwa kwa kuwabaka wasichana wawili wazungu ndani ya treni ya mizigo, na wanane wakahukumiwa kifo ndani ya wiki chache. Kesi iliporudiwa mwaka 1933, mmoja wa wasichana hao, Ruby Bates, alisimama upande wa utetezi akasema hawakubakwa. Jopo lilimsikia. Likamtia hatiani Haywood Patterson. Jaji James Horton aliitengua hukumu hiyo kwa sababu ushahidi haukuiunga mkono, na mwaka 1934 wapiga kura wakamng'oa kwenye kiti. Mlalamikaji mwenyewe amekana, na bado. Ungeleta daktari gani hapo?

Sasa ujasiri. Atticus alimwambia bintiye Scout mapema kabisa kwamba kesi hiyo watashindwa. Akaifanya kwa bidii yote hata hivyo, na usiku wa kuamkia kesi alikaa mlangoni pa jela na taa na gazeti, watu wakija kumtoa Tom wamuue. Ndiyo maana ya ujasiri anayowafundisha watoto wake kwa mfano wa Bi. Dubose, mzee mgonjwa aliyeamua kuachana na mofini, dawa ya maumivu iliyomfanya mraibu, kabla ya kufa: unajua umeshindwa kabla hujaanza, na unaanza. Anayemsifu Atticus kwa kuthibitisha kesi hajakielewa kitabu. Anayemlaumu kwa kushindwa naye hajakielewa.

Lakini mwambie binti asiishie kwa Atticus. Atticus alirudi nyumbani kwake kulala. Tom ndiye aliyekuwa kizimbani, na mwendesha mashtaka alipomuuliza kwa nini alikuwa akimsaidia Mayella kazi bila malipo, alijibu kwamba alimwonea huruma. Mtu mweusi kumwonea huruma mzungu, mbele ya jopo lile! Angeweza kunyamaza au kubuni sababu nyingine. Alikuwa ameapa kusema kweli, akaisema, na jibu hilo likamgharimu kuliko maswali yote. Baadaye aliuawa gerezani kwa risasi 17, askari wakisema alikuwa anatoroka, rufaa ikiwa bado. Na kuna Mchungaji Sykes wa sura ya 12, aliyefunga milango ya kanisa asimwachie mtu kutoka mpaka sadaka ya mke wa Tom itimie dola kumi. Waumini hao walikuwa maskini, na kila mmoja alijua mji unawatazama. Sijawahi kuona mwongozo uliompa Sykes hata mstari.

Na hawatampa, kwa sababu wanaouza vitabu hivi wananakiliana. Mmoja kaandika vibaya miaka hiyo, kumi wamemfuata, sasa kuna video za dakika tano na programu za kuandika insha zinazotema makosa yaleyale kwa Kiingereza kizuri zaidi. Wazazi wanalipa. Mwanafunzi anakariri "mada: ujasiri, mhusika: Atticus" na anashangaa kupata alama 9 kati ya 20. Swali la binti yako, alilolitoa kichwani mwake, lingempa alama nyingi kuliko mwongozo mzima.

Uwekeni mwongozo pembeni. Asome sura ya 17 hadi ya 21 kwa sauti, wewe ukisikiliza, na baada ya kila shahidi aandike mistari miwili: jopo sasa linajua nini? Akifika sura ya 21 atakuwa na insha yake. Na kama mwalimu wake wa tuisheni atamwambia ushahidi wa daktari ndio uliokosekana, mwulizeni ni ukurasa gani.