Dada wa Ujiji, ipua hiyo sufuria! Bomba moja, arki moja

Ipua sasa hivi, ndiyo urudi kusoma. Umesema una mabomba 6 ya sindano ya kupimia arki, yaani vile vimiminika vya ladha na harufu, za barafu za vifuko, unataka kuyachemsha ili hayo hayo yapime vanila, stroberi na peremende. Ukauliza na bei ya friza na kiasi cha sukari. Mimi nina la mabomba, maana unachotaka kufanya nilishakifanya hapa Tabora na bado kinaniuma.

Nilifundishwa kwenye semina ya ujasiriamali, tena ya kulipia. Mwalimu akasema plastiki haishiki kitu, chemsha dakika 10 bomba linarudi jipya. Tukaandika kwenye madaftari, watu wazima na akili zetu. Nikimkumbuka yule baba napandwa na hasira, kwa sababu baadaye nilikuja kujua hajawahi kuuza hata kifuko kimoja cha barafu. Unawafundishaje watu kitu ambacho hujawahi kukitia mkononi?

Mwezi wa 10, joto la kabla ya mvua, unalijua la huku. Nikapata oda ya mahafali: vifuko 400 vya maziwa na vanila, kila kimoja shilingi 200. Mchana wake nilikuwa nimepima peremende kwa barafu za kuuza stesheni kwa abiria wa treni. Bomba nikaliosha kwa sabuni, nikalichemsha, nikalinusa mdomoni pake: safi. Usiku nikavuta vanila nikaiacha humo humo hadi alfajiri, ili nikiamka nimimine tu. Lita 20 za maziwa. Nilionja yakiwa bado vuguvugu na sukari imekolea, sikusikia kitu.

Pale shuleni mtoto wa kwanza akang'ata, akaniangalia, akasema: "Mama, mbona hii ina dawa ya meno?" Msicheke jamani, na wengine wakaanza kutema. Mkuu wa shule akakataa kulipa, na sikuwa na la kumjibu. Shilingi 80,000 zikapotea, ukiachilia mbali maziwa, umeme na usiku kucha wa kufunga vifuko. Oda ya mwaka uliofuata wakampa mtu mwingine.

Kosa lilikuwa kwenye ule mpira mweusi wa kijiti cha kusukumia. Bomba lenyewe ni plastiki ngumu, maji ya moto linayahimili. Mpira ndio unaokunywa arki. Harufu za arki nyingi, peremende hasa, ni za mafuta, maji hayazitoi zikishazama, halafu ukiweka arki nyingine ikae juu yake, mpira unatema taratibu. Ukichemsha mabomba yote sufuria moja ndiyo unayagawia harufu. Tena maji ya moto yanafuta namba na kuondoa ule utelezi wa ndani, bomba linakwama, ukilisukuma linaruka: ulitaka mililita 2 zinatoka 4. Na vile vibomba laini vya kudondoshea matone, ukichemsha vinapinda kabisa.

Kwa hiyo bomba moja, arki moja, maisha yake yote. Andika jina kwa maka peni juu ya plasta. Ukimaliza kupima usiache arki ndani hata dakika 5. Chomoa kijiti, osha kwa maji vuguvugu na sabuni, suuza, anika vipande vikiwa vimeachana. Kabla ya kupima tena nusa mpira wenyewe, usinuse mdomo wa bomba kama mimi. Mpira wa vanila ukinuka kingine chochote, tupa. Namba zikianza kufifia au kijiti kikikwama, tupa. Na bomba lililowahi kumchoma mtu lisiingie jikoni kwako, hata uambiwe limechemshwa mara ngapi.

Duka la dawa halijafungwa saa hizi. Hayo 6 kama yalishachanganya arki yaache, nunua mapya 3, na majina uyaandike kabla hujafungua chupa.