Mama Yuko Makao ya Wazee, Lakini Daktari Wake Ni Nani?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mama yangu ana miaka 83, na tangu mwaka jana anaishi katika makao ya wazee kando ya barabara ya Kiambu, kwa kuwa sisi watoto wake tunashinda kazini na nyumba yetu ya Umoja iko orofa ya nne. Wahudumu ni wapole na mahali ni safi. Hata hivyo, katika miezi sita amekimbizwa hospitalini usiku mara tatu, na kila mara amerudi akiwa mnyonge kuliko alivyoondoka, tena na dawa mpya juu ya zile za zamani. Mara ya mwisho alikuwa ameanguka akielekea msalani. Sasa anameza dawa za aina kumi na moja, na nilipouliza ni daktari gani aliyezipitia zote kwa pamoja, hakuna aliyenijibu. Je, tumhamishe?
— Binti kifungua mimba, Umoja

JIBU: Dada, usimhamishe kwanza, kwa maana huko utakakompeleka huenda swali lako likakosa jibu vilevile. Makao mengi ninayoyafahamu hapa Nairobi yalianzishwa kwa nia njema ya kumpa mzee kitanda, chakula na wenzake wa kuzungumza nao, na tiba ikaachiwa hospitali. Mpango huo unamfaa mzee mkakamavu. Mama yako ni mtu ambaye presha, magoti, macho na usahaulifu vinaishi pamoja katika mwili ulioishiwa na akiba, kiasi kwamba kuhara kwa siku moja, ambako wewe ungekusahau kesho yake, kunaweza kumlaza wiki nzima.

Nianze na zile dawa kumi na moja. Mwaka 1991 daktari Mmarekani, Mark Beers, pamoja na wenzake, walichapisha orodha ya dawa ambazo wazee wanaoishi katika makao wanafaa kuepushwa nazo, na orodha hiyo imekuwa ikifanyiwa marekebisho tangu wakati huo. Humo mna dawa za usingizi za jamii ya diazepamu, na pia klofeniramini, kile kidonge cha mafua na mwasho kinachouzwa katika kila famasia, ambacho humchanganya mzee akili na kumzuia kukojoa vizuri. Dawa za maumivu kama diklofenaki nazo zina hila yake. Mzee hupewa kwa ajili ya magoti, presha ikapanda; anaongezewa dawa ya presha, kisha anapoinuka kitandani usiku presha inashuka ghafla, anapata kizunguzungu na kuanguka. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mama yako, ila ningetaka apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama kwa dakika moja na tena kwa dakika tatu. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, kuna dawa ya kuangaliwa upya.

Tia katika mfuko mmoja pakiti zote, pamoja na dawa za kienyeji ikiwa zipo, umpelekee daktari mmoja, na kwa kila dawa umwulize inatibu nini na kama bado inahitajika. Tafadhali usimwachishe dawa yoyote wewe mwenyewe, kwa kuwa baadhi yake, hasa hizo za usingizi, zikikatizwa ghafla huleta madhara makubwa.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito zaidi, ni kupata mtabibu mmoja anayefika hapo kwa siku maalumu. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2020, kliniki za mitaa katika sehemu ya England zimepewa wajibu wa kuzuru makao ya wazee kila wiki bila kusubiri mtu azidiwe. Sisi hatuna utaratibu kama huo, lakini familia kumi zenye wazee hapo zikichanga zinaweza kumlipa daktari au afisa wa kliniki wa mtaani aje kila Jumanne, mtu yuleyule, aandike katika daftari lilelile. Zungumza na msimamizi bila kuona haya. Kifungu cha 57 cha Katiba yetu kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali.

Mtabibu huyo atawategemea wanaomwogesha na kumlisha mama, maana ndio wa kwanza kuona kwamba leo ameacha chai au anamwita mjukuu kwa jina la ndugu yake. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kusichukuliwe kuwa uzee tu. Mara nyingi ni maambukizi, upungufu wa maji, choo kigumu au dawa mpya. Wahudumu wampe kikombe mkononi mara kwa mara, kwa sababu kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, na mzee anaweza kukaukiwa bila kuomba maji.

SWALI: Babu yetu hashuki tena kitandani, na ngozi ya juu ya makalio yake imeanza kubadilika rangi. Mhudumu humsugua kwa spiriti. Je, ni sawa?
— Mjukuu, Kahawa West

JIBU: Si sawa, na aache leo. Spiriti hukausha ngozi, na kusugua huumiza nyama ambayo tayari imekosa damu. Babu ageuzwe mara kwa mara, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, tena kwa kuinuliwa badala ya kuburutwa juu ya shuka, na mto uwekwe chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Wekundu unaotajwa vitabuni hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo muuguzi apapase: sehemu iliyo moto au ngumu kuliko ngozi ya jirani ni kidonda kinachoanza. Mwongezeeni mayai, maziwa na ndengu ikiwa daktari wake hajamkataza, na ngozi ikipasuka aonwe siku hiyohiyo.