Mate yakitangulia dawa

Habari za kazi, daktari. Nimezibwa gego la chini kwenye kituo kimoja cha afya. Wiki ya tatu kile kipande cheupe kikatoka kizima kama kokoto. Dawa ilikuwa mbovu, au ni mimi niliyewahi kutafuna mahindi ya kuchoma?
*Mama wa watoto watatu, Kongwa*

Nzuri, mama. Hapo uliposema "kizima" ndipo penye jibu. Dawa iliyoshindwa na mahindi hupasuka: unatema vipande, na kingine kinabaki ndani ya tundu. Iliyotoka nzima haikushika tangu siku ya kwanza. Dawa yenyewe mara nyingi haina kosa. Yawezekana tundu lilichongwa vibaya, lakini mtuhumiwa wa kwanza ni mate, au damu ya fizi, yaliyopita kati ya jino na dawa.

Dawa nyeupe inayomulikwa kwa taa ya bluu, kompoziti, haigandi kwenye jino hivi hivi. Kwanza jino hupakwa asidi ya fosforiki, kwa kawaida ya asilimia 37, kwa sekunde 15 hivi, ili gamba la juu lifunguke vitundu vidogo sana. Gundi huingia humo na kushikilia. Jino likioshwa na kukaushwa, mahali palipopakwa pawe peupe na pa kufifia kama chaki. Mate yakigusa hapo, protini zake huziba vile vitundu kwa sekunde chache, na chaki inageuka kung'aa. Maji matupu hayatoshi kurudisha hali. Ni kuosha, kukausha na kupaka asidi upya. Anayeona uvivu kurudia ndiye anayekuandalia kokoto.

Rudi mapema, kabla tundu halijala zaidi. Kama bado unacho kile kipande, nenda nacho. Hakitarudishwa mdomoni, ila upande wake wa chini una habari.

Mimi ni tabibu wa meno, wilaya ya Chemba. Umeme unakatika, mashine ya kufyonza mate sina, nazibia glasi ayonoma, dawa ya unga unaochanganywa na maji yake, kwa vifaa vya mkono. Magego ya juu sina shida nayo. Ya chini yananishinda, pamba inaloa kabla sijamaliza kuchanganya.

Kwanza usijione duni. Utaratibu huo wa kuziba kwa vifaa vya mkono ulianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kisha ukasambaa duniani. Na glasi ayonoma ni mvumilivu wa unyevu kuliko kompoziti. Mvumilivu, si muogeleaji.

Anza na mlalo. Mgonjwa akikaa kitako, mate hujaa chini ya ulimi, yaani pale pale unapofanyia kazi. Mlaze chali kabisa mezani au kwenye benchi, kidevu kiinuke kidogo. Mate yatarudi nyuma kooni na atayameza mwenyewe.

Halafu fuata mifereji. Tezi kubwa ya shavuni humwaga mate ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu. Ndiyo maana kwa jino la juu pamba moja hapo inakutosha. Tezi za chini ya taya na za chini ya ulimi humwaga chini ya ulimi. Kwa hiyo gego la chini linataka pamba tatu: moja juu, kwenye mdomo wa ule mfereji wa shavuni, moja chini, kati ya shavu na jino, na moja upande wa ulimi.

Hiyo ya tatu ndiyo inayokukimbia. Mwambie mgonjwa ainue ulimi hadi kwenye kaakaa. Ingiza pamba huku ukiiviringisha kuelekea chini, kisha ashushe ulimi uikalie. Ukiisukuma tu kwa koleo wakati ulimi umelala, itatemwa kabla hujashika unga. Pamba ya kuviringisha mwenyewe inafaa, mradi umeibana vizuri na imepita kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke: urefu wa sentimita 4 hivi, unene wa kidole kidogo. Ikiwa nene kupita hapo, shavu linaisukuma itoke.

Sasa saa ya kubadilisha, na nadhani hapa ndipo unapopotezea. Usingoje pamba iloe. Badilisha mara mbili kwa lazima: tundu likishakuwa safi, kabla ya kupaka asidi ya kuandaa, na ukishaosha, kabla ya dawa. Asidi ya kuandaa ikae sekunde 10 hadi 15. Osha kwa vipamba vyenye maji mara mbili au tatu, kausha kwa vipamba vikavu. Tundu libaki na mng'ao kidogo. Usilikaushe likawa kama udongo wa kiangazi, maana dawa hii inahitaji unyevu kiasi hicho ili ishike.

Pamba kavu zikishakaa ndipo uchanganye, si kabla. Msaidizi ashike kioo na shavu, wewe uchanganye ndani ya sekunde 20 hadi 30. Fuata kipimo cha mtengenezaji. Kwa aina nyingi ni kijiko kimoja cha unga, kilichosawazishwa, kwa tone moja la maji yake. Chupa ilaze kwanza hewa itoke, ndipo uisimamishe wima, ama tone litakuwa na povu na kipimo kimeharibika. Ifunge mara moja, hewa yetu kavu huyafanya maji hayo kuwa mazito. Joto la Oktoba na Novemba nalo huwahisha dawa kuganda. Mchanganyiko uking'aa, weka. Ukififia, utupe, hata kama roho inauma, kwa sababu asidi ya kushika jino imekwisha.

Kandamiza kwa kidole cha glavu kilichopakwa mafuta ya mgando, toa ziada, paka mafuta tena juu yake. Hayo mafuta ni kinga ya pande mbili: mate yasiingie mapema, na dawa isikauke ikapasuka. Asile kwa saa 1. Pamba iliyokauka na kunata shavuni idondoshee maji kabla ya kuivuta, la sivyo inaondoka na ngozi.

Fizi ikitoa damu, bana kwa kipamba dakika moja au mbili. Isipokoma, weka dawa ya muda, tibu fizi, mpe tarehe nyingine.

Nasomea usaidizi wa meno hapa Dodoma mjini. Tukipuliza hewa kukausha jino, linabaki na ukungu. Mwenzangu anasema ni pumzi ya mgonjwa.

Puliza kwenye kioo cha meno kikavu, nje ya mdomo. Ukiona vitone au utando wa mafuta, pumzi haihusiki: kompresa, mashine inayobana hewa, inatoa maji. Hewa ikibanwa hutoa maji, nayo hukaa chini ya tangi. Fungua koki ya chini kila jioni, na chujio la njiani limwagwe pia. Kiangazi mnaweza kusahau bila kuona madhara. Mvua za Desemba hadi Aprili ndizo zinazowaumbua.

Natibiwa mzizi wa jino. Mara ya kwanza niliambiwa nifunge mdomo kwenye mrija wa kufyonza mate. Mara ya pili wakanifunika mdomo kwa mpira, nikahisi nitakosa pumzi. Yote mawili ni sawa?
*Msomaji, Manyoni*

La mrija, hapana. Ukifumba midomo kuuzunguka, mvuto ndani ya kinywa unaweza kuzidi ule wa bomba, na maji yaliyobaki kwenye bomba tangu kwa mgonjwa aliyekutangulia yakarudi kwako. Ncha ni mpya kwa kila mtu, bomba si jipya. Acha mdomo wazi, au omba utemee kwenye kikombe.

Mpira ule, tofauti na mrija, ndio haki yako. Wataalamu huuita rabadamu. Jina linatisha, lakini damu haihusiki. Ulibuniwa mwaka 1864 na Sanford Barnum, daktari wa meno wa New York, kwa shida hii hii ya mate. Ni kipande cha sentimita 15 kwa 15, kinatobolewa tundu, jino linachungulia, kibanio cha chuma kinakishika shingoni mwa jino. Kwa mzizi una kazi kubwa zaidi: dawa inayooshea humo ni jamii moja na Jik ya kufulia, na sindano zake nyembamba zikiponyoka zinaelekea kooni.

Pumua kwa pua. Ukiwa na mafua, piga simu usogeze siku. Kubalianeni ishara ya mkono kwa sababu huwezi kuongea. Angalia pia kama kibanio kimefungwa uzi wa meno unaoning'inia nje, ili kikichomoka kivutwe badala ya kumezwa. Kama glavu au maputo hukuwasha ngozi au kukuvimbisha midomo, sema kabla hujalala kitini. Mpira usio na lateksi upo.