Kuseti jengo bila leseni: mnaniuliza mkiwa mmeshamwaga zege

Wadogo zangu wa saiti, kuna swali limenichosha: “Bosi, hivi kuseti jengo kunataka leseni ya upimaji ardhi?” Swali lenyewe ni zuri (kuseti ni kuweka alama ardhini za mahali jengo litakapokaa). Kinachoniudhi ni saa mnayoliuliza. Juzi kijana mmoja kaniuliza akiwa ameshasimamisha profaili, zile mbao za kufungia kamba, kamba zimekazwa, mtaro wa msingi umeshachimbwa. Nikamuuliza mstari wa kwanza kautoa wapi. Akanionyesha ukuta wa jirani kwa kidole, tena kwa fahari. Ukuta!

Basi nayaandika hapa, ili nikiulizwa tena niwe na pa kuwaelekeza.

1. Jibu linategemea sheria ya mahali ulipo. Najua hamlipendi jibu hilo, lakini sheria hazifanani hata kidogo. California, kifungu cha 8726 cha sheria inayosimamia taaluma kinahesabu kuweka mkao na kimo cha kazi za kihandisi, yaani barabara, mabomba, majengo, kuwa ni upimaji ardhi. Hapo hata kazi ambayo haijagusa mpaka inaweza kudai mwenye leseni. Huko huko, wahandisi ujenzi waliosajiliwa kabla ya 1982 wanaruhusiwa kupima ardhi, waliosajiliwa baada ya hapo hawaruhusiwi kwa usajili huo peke yake. Kwa hiyo mzee mmoja ofisini anaweza kutia sahihi kile ambacho bosi wake kijana hawezi. Ukienda England na Wales, hakuna leseni ya serikali ya upimaji kabisa. Kuseti ni kazi ya wahandisi wa saiti kila siku, na mkandarasi humtafuta mtu anayemwamini. Kati ya hizo mbili kuna kila aina ya sheria. Isome ya kwako. Ni kurasa chache, na haina hesabu.

2. Sheria iwe ipi, jiulize hivi kabla hujagonga kigingi: natumia alama niliyopewa, au naamua mwenyewe alama iko wapi? Ukipewa bikoni (alama za mpaka zilizosimikwa ardhini) zilizothibitishwa, ramani ya kodineti (namba za mahali pa kila nukta) na benchimaki (alama yenye kimo kinachojulikana), ukahamisha vipimo vya msanifu kwenda ardhini, hiyo ni kuseti. Ukianza kusema “mpaka utakuwa hapa”, umeshavuka, na cheo cha fundi hakikufichi. Bodi ya leseni haitauliza kazini wanakuitaje. Itauliza ulifanya nini.

Hili sikulisoma kitabuni. Wakati ule nilikuwa nasifiwa kwa wepesi, na hakuna kitu kinachomharibu mtu wa totalsteshoni, ile mashine ya kupima pembe na umbali, kama kusifiwa wepesi. Kiwanja kilikuwa cha mstatili, upande wa kusini mita 30.00 kwa mujibu wa ramani. Ukuta wa mashariki wa jengo ulitakiwa ukae mita 3 kutoka mpakani, si chini ya hapo. Bikoni ya kaskazini mashariki haikuwepo, ekskaveta ilishaila. Nikamwambia fomeni tumwite mpima. Akasema mpima atakuja wiki ijayo na zege linakuja kesho kutwa, “wewe si unajua mashine, tafuta namna.”

Nikatafuta namna. Kusini magharibi bikoni ilikuwa safi. Kusini mashariki nikakuta chuma kimesimama vizuri, kimeshika, nikafurahi. Nikapima kati yao: 30.38. Hapo ndipo mtu mwenye akili hufunga mashine na kurudi nyumbani. Mimi nikajieleza. Nikasema wa zamani walipima kwa mnyororo wa kupimia, juani, mnyororo ukavutika. Nikasema sentimita 38 si kitu. Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio yanapata moto: nikaigawa tofauti. Nusu nikaiacha, nusu nikaichukua, mpaka wa mashariki nikauweka 30.19, na kutoka hapo nikaipandisha kona iliyopotea kwa kigingi cha mbao na rangi nyekundu. Nilikipaka rangi vizuri sana. Kigingi kilipendeza kuliko bikoni ya kweli.

Jengo nililiseti kwa nidhamu zote. Diagonali zilikubaliana kwa milimita. Fomeni akapiga picha.

Ukuta ulikuwa umefika linta jirani alipoleta mpima mwenye leseni, maana naye alitaka kujenga uzio. Mzee mmoja mpole, hana haraka. Akapima, akatikisa kichwa, akaomba jembe. Sentimita 38 magharibi ya kile chuma changu, chini ya udongo wa kujazia, ikatokea bikoni yenyewe, ina namba yake. Chuma nilichokiamini kilikuwa kipande cha nguzo ya uzio wa zamani. Akaja akaniuliza, “Mwanangu, hii 30.19 umeitoa wapi?” Nikamweleza habari ya kugawa. Hakucheka, na afadhali angecheka. “Mpaka haugawanywi,” akasema. “Unatafutwa.”

Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba alama ya asili iliyowekwa na mpima wa kwanza ikipatikana mahali pake, kwa kawaida huushinda umbali ulioandikwa kwenye ramani, na kwamba kazi ya leseni ni kujua ushahidi upi unashinda upi. Mashine hata mtoto hufundishika. Ukuta wangu ulikuwa mita 2.81 kutoka mpaka wa kweli. Ukavunjwa upande mzima.

Na sikilizeni sehemu inayouma zaidi. Kama ningeseti vibaya kutoka kwenye bikoni nilizopewa, lingekuwa kosa la kuseti na tungelimaliza kama makosa mengine ya saiti. Kufufua bikoni ilikuwa kazi ya mwenye leseni, na hakuna karatasi hata moja iliyonituma kuifanya. “Tafuta namna” ya fomeni haikuandikwa popote.

3. Bima. Bima ya kawaida ya mkandarasi mara nyingi huziacha nje huduma za kitaalamu. Yetu ilikuwa hivyo hivyo, na barua ya kukataa kulipa ilikuwa fupi. Muulizeni mwajiri bima yake inasemaje kuhusu kuseti kabla hamjabeba traipodi. Atakununia, vumilia.

4. Mambo ya mashine, haraka haraka, maana haya mnayajua na hamyafanyi. Ukishasimika mashine, soma nukta ya tatu, si baksaiti (nukta ya nyuma unayoanzia kuielekeza mashine) peke yake. Benchimaki ziwe mbili. Kimo cha sakafu usikitoe kwenye rova (fimbo ya GPS), chukua leveli, darubini ya kupimia kimo. Diagonali sawa zinakuambia kona za jengo ni za digrii 90, hazikuambii liko kiwanjani kwako. Kodineti za UTM (mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda) karibu na meridiani ya kati, mstari wa katikati ya kanda, zinatofautiana na mkanda wako kwa sentimita 4 hivi kila mita 100, kwa hiyo uliza kama mchoro ni wa gridi (umbali wa ramani) au wa ardhini (umbali wa mkanda). Na mkipata mchoro wa Marekani wa futi, ulizeni futi ipi: ya kimataifa ni mita 0.3048 kamili, ile ya wapimaji ilistaafishwa mwisho wa 2022 lakini bado imejaa kwenye michoro ya zamani, na kodineti ya futi milioni moja ikisomwa kwa futi isiyo yake inakuhamisha futi 2. Nimemwona mtu akitafuta futi hizo mbili mchana kutwa, akiilaumu prizimu, kile kioo kinacholengwa na mashine.

5. Omba karatasi. Orodha ya bikoni na nukta za udhibiti, ina tarehe, ina sahihi ya mwenye leseni. Hakuna karatasi, hakuna kigingi. Bikoni ikikosekana, piga picha shimo, andika kwenye daftari, tuma ujumbe kwa fomeni ili jibu lake nalo liandikwe. Utashangaa “tafuta namna” inavyopotea mtu akitakiwa kuiandika.

6. Kwa mliochoka kuitwa “kijana wa mashine” na mnaitaka leseni yenyewe: bodi nyingi zinataka uzoefu chini ya mwenye leseni, na kuseti nguzo miaka nenda rudi hakutoshi, zinataka kuona umefanya kazi ya mipaka. Basi msijifiche saitini tu. Mpima akija kutafuta bikoni, mbebeeni jembe, muulizeni kwa nini kachimba pale na si pale, na yaandikeni aliyojibu siku ile ile, na yeye aweke sahihi. Mimi daftari langu la mwanzo lilikataliwa kwa sababu lilijaa majengo mazuri na halikuwa na mpaka hata mmoja. Ule mmoja niliowahi kuuweka, sikuthubutu kuuandika.