Ukuta unaobeba boriti usiuguse

Dada, umeuliza kama unaweza kuvunja ukuta kati ya vyumba viwili vya chini upate sebule pana kwa pesa kidogo. Huo uache, tafadhali. Nyumba za mji wa kale hapa Lamu vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki sana zaidi ya mita 3, nazo zimelalia kuta ndefu. Simama chumbani utazame juu: ncha za boriti zinapoingia ukutani, hapo hapavunjwi. Na jirani mnashirikiana ukuta, akipata ufa ni lawama.

Kizigeu cha mbao kisichobeba kitu, hicho toa. Jiko lisogeze karibu na choo, mabomba yatakuwa mafupi na hapo ndipo utaokoa pesa kweli. Plasta weka ya chokaa. Simiti juu ya mawe ya matumbawe hufungia unyevu na chumvi ndani, halafu inabanduka vipande vipande.

Kabla fundi hajashika nyundo, pitia ofisi ya Makumbusho uombe idhini. Mji umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001.