Kitabu kimoja, watu watano: kwa mwalimu mgeni wa fasihi Kigoma

Ukipangiwa Kiswahili kidato cha tatu mkoani Kigoma, iwe Ujiji, Kasulu au kijiji cha ufukweni kule Uvinza, na unataka wanafunzi wasome riwaya na kuijadili katika vikundi vidogo, usianze kwa kupanga madawati duara. Anzia stoo, uhesabu nakala za riwaya. Nakala 12 kwa darasa la wanafunzi 60 zinatosha: vikundi 12 vya watu watano, kila kikundi na nakala yake. Watu wanne ni wachache mno, maana mmoja akiugua malaria na mwingine akirudishwa nyumbani kufuata daftari, wanabaki wawili wanatazamana. Wakifika saba, wawili watajificha nyuma ya wenzao mpaka kengele. Na usimweke msichana mmoja kati ya wavulana wanne. Ataandika kila kitu, atapewa ukatibu wa kudumu, na hutasikia sauti yake muhula mzima. Waweke angalau wawili pamoja.

Kitabu kimoja kwa watu watano husomwa kwa zamu ya kulala nacho. Riwaya ya kurasa 120 igawe vipande vinane vya kurasa 15, kila wiki kipande kimoja. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi kitabu kinalala kwa watu wanne tofauti, wa tano anakaa nacho kuanzia Ijumaa, na mjadala unakuwa Jumatatu kabla hakijapokewa tena. Wa kwanza kusoma atakuwa amekwisha kusahau siku hiyo ikifika, na hapo ndipo vikundi vingi hufia. Dawa yake ni sharti moja: hakuna kukabidhi kitabu bila kukabidhi swali. Swali liandikwe kwenye karatasi inayokaa ndani ya jalada la nyuma, pamoja na namba ya ukurasa. Jumatatu kikundi kinafungua karatasi na kukuta maswali matano yanangoja. Wiki inayofuata aliyeanza anakuwa wa mwisho.

Katika vijiji vya ziwani angalia na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hupumzika. Mwanafunzi ambaye nyumbani wanaanika dagaa alfajiri hatasoma kurasa 15 wiki ya giza, hata umtishie viboko. Vipande virefu vipange mwezi ukiwa mkubwa. Giza likiingia, wape kurasa sita tu wazisome kwa sauti darasani, wakipokezana. Ukurasa mmoja kwa sauti hula dakika mbili hadi tatu, kwa hiyo kurasa sita zinaingia ndani ya nusu kipindi.

Wiki ya kwanza usiguse riwaya kabisa. Tunga mwenyewe kisa cha ukurasa mmoja, ukiandike ubaoni, kisha weka kikundi kimoja katikati na wengine wote wakizunguke kama watazamaji wa ngoma. Tuseme kisa ni cha Mama Bahati, anayebeba dumu la mawese la lita 20 kwenda gulioni na kuondoka usiku wa manane. Mwanafunzi wa kwanza atauliza: “Mama Bahati alibeba nini?” Atajibiwa “mawese”, na mjadala umekwisha. Liache hivyo, wanyamaze, waione aibu ya kile kimya. Kisha waambie watafute mahali katika kisa ambapo mtu kafanya jambo ambalo angeweza kutolifanya. Punde mmoja atauliza: “Gulio ni asubuhi na kijiji ni jirani. Kwa nini aliondoka usiku?” Mmoja atasema anakimbia deni, mwingine atasema hapana, mstari wa nne unasema mume amelala, huyu anatoroka na mali. Hapo watazamaji nao wanaanza kunyoosha mikono. Sasa darasa limeelewa swali ni kitu gani, na hukuhitaji kuandika maana yake ubaoni.

Kuhusu majukumu. Njia hii ya vikundi vya kusoma ilipoenezwa Marekani katika miaka ya 1990, hasa na mwalimu na mwandishi Harvey Daniels wa Chicago, ilikwenda na karatasi za kazi: mmoja analeta maswali, mwingine anachagua kifungu cha kusomwa kwa sauti, mwingine anaunganisha kisa na maisha ya nje, na kadhalika. Baadaye Daniels mwenyewe alionya kwamba karatasi hizo zikikaa muda mrefu huua mazungumzo, na yeyote anayezitumia ataliona hilo: kila mmoja anasoma kipande chake, anakaa, “nimemaliza”. Zitumie wiki tatu, kisha uzikusanye. Ubakize mwongoza mjadala na katibu, na wabadilike kila wiki.

Maharage ya kuhesabia zamu za kusema nayo yana muda wake. Mpe kila mmoja punje tatu. Akisema anaweka moja katikati, zikimwishia anasubiri wenzake. Msemaji hodari anajifunza kubana maneno, na mkimya anajikuta amebaki na punje zote huku wenzake wanamtazama. Lakini ikifika wiki ya nne wataanza kusema lolote ili punje ziishe. Hapo ziondoe.

Adui mkubwa kuliko kelele ni vile vijitabu vya uchambuzi. Mwanafunzi atasimama na kumwaga: dhamira kuu ni ukombozi wa mwanamke, dhamira ndogondogo ni umaskini, mapenzi na nafasi ya elimu, naye riwaya yenyewe hajaifungua. Kupiga marufuku hakusaidii, watasomea chini ya dawati. Jibu lako liwe moja siku zote: “Ukurasa wa ngapi?” Dhamira isiyo na ukurasa haiingii kwenye daftari la kikundi. Baada ya wiki mbili wataanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe.

Siku ya mjadala tumia vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Dakika kumi za kupitia maswali na kuchagua matatu, arobaini za mjadala, kumi za katibu kusoma alichoandika, zinazobaki vikundi viwili vilisimulie darasa zima walipokosana. Nasema walipokosana, walipokubaliana hapana la kusimulia. Nusu ya vikundi ipeleke nje chini ya miembe, la sivyo watapigiana kelele mpaka darasa la jirani lije kushitaki. Mkuu wa shule mweleze mapema, na uiandike njia hii kwenye andalio la somo, maana mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akikuta darasa limetawanyika na mwalimu hasemi, ataandika anachokiona.

Pita kila kikundi dakika tatu, ukisimama nyuma ya mgongo wa anayesema. Ukisimama mbele yake atakugeukia wewe, na kikundi kimegeuka mtihani wa mdomo. Kosa la kuelewa kisa lisikilize tu, uliandike, ulirudishe kwa darasa zima mwishoni. Mjadala ukipamba moto watahamia Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma. Waache, mradi katibu aandike kwa Kiswahili. Kutafuta neno la Kiswahili kwa wazo lililosemwa kwa Kiha ni nusu ya somo lako.

Mvua ikipiga bati lisilo na dari, hakuna atakayesikia kitu. Wape karatasi moja kila kikundi: wa kwanza anaandika swali, inazunguka, kila mmoja anajibu mistari miwili kwa dakika mbili, anampa anayefuata. Mara nyingi wakimya ndio huandika vizuri kuliko wote, na karatasi hizo zihifadhi kwa ajili ya alama. Alama kumi kwa wiki zinatosha: tano za swali lenye ukurasa, tano za daftari la kikundi.

Kidato cha nne kazi hii imalizike kabla ya moko, ule mtihani wa majaribio. Baada ya hapo watakuwa wanahesabu siku za kuelekea mtihani wa taifa wa Novemba, na mtu anayekariri hataki kuulizwa kwa nini. Vitabu vikirudi, hesabu kurasa mbele ya kikundi kizima kabla hujasaini. Kurasa za mwanzo na za mwisho ndizo hung'oka kwanza, kwa hiyo gundi na gazeti la kuvalishia majalada viwe vimetumika siku ile ya kwanza stoo, siyo leo.