Kababu za Kiitaliano zina lishe gani? Maswali yenu

Nikila kababu nne za Kiitaliano, nimekula nini hasa?

Inategemea kima uliyonunua. Waitaliano huziita polpette. Mapishi ya kawaida ni nusu kilo ya kima ya ng'ombe, yai moja, gramu 50 za jibini ya Parmigiano iliyokunwa na vipande viwili vya mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Nimepiga hesabu ya kababu 20. Kima ikiwa na mafuta asilimia 20, kababu nne zina takribani kalori 340 na protini gramu 23. Yenye mafuta asilimia 10 inashusha kalori hadi 260 hivi, na protini inapanda kidogo. Hapo sijahesabu rojo wala mafuta ya kukaangia. Vitamini B12 unaipata kwa wingi, pamoja na zinki.

Huo mkate si ujanja wa kupunja nyama?

Hapana, ndugu yangu, na naomba usiuache. Chakula hiki kimekulia kwenye majiko ambako hakitupwi kitu: nyama ya kuchemsha iliyobaki jana, mkate uliokauka. Mkoani Abruzzo wana pallotte cacio e ova, za mkate, jibini na mayai, hazina nyama hata chembe, na ni chakula cha kushiba. Loweka mkate, ukamue kwa kiganja mpaka ubaki kama uji mzito, ndipo uchanganye. Kababu ikiiva, ikate katikati: utaona imeshika maji yake, laini. Isiyo na mkate hujikaza na kukauka. Tena kila tonge linapungua mafuta ya nyama, jambo jema kwa moyo.

Mume wangu ana presha. Nimpikie?

Mpikie, dada, ila chumvi uikabe. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Jibini hiyo ina chumvi tayari, nyanya za kopo mara nyingi zinayo, halafu wengi tunatupia na kidonge cha supu! Kiache hicho kidonge, punguza jibini nusu, ongeza kitunguu saumu na kotmiri. Usizizamishe kwenye mafuta. Zioke, au zichemke polepole ndani ya rojo ya nyanya.

Nina mimba, na damu yangu iko chini. Zitanisaidia?

Zitasaidia, kwa kuwa madini ya chuma ya nyama hufyonzwa vizuri kuliko ya mboga. Lakini kababu nne hazifiki hata miligramu 3, na mjamzito anahitaji 27 hivi kwa siku. Kwa hiyo vidonge ulivyopewa kliniki endelea kumeza, mama. Chai isubiri saa moja baada ya chakula, maana inazuia madini hayo. Na kababu ziive hadi ndani, nyuzijoto 71. Usionje kima mbichi kupima chumvi.

Ni lazima ziliwe na tambi?

Si lazima. Sinia la spageti lenye kababu kubwa juu ni la wahamiaji wa Kiitaliano Marekani. Kwao Italia huliwa zenyewe, baada ya tambi, ingawa mji wa Teramo, huko huko Abruzzo, wana vijikababu vidogo kama dengu wanavyochanganya na tambi. Mimi napenda kuzila na spinachi na kipande cha mkate cha kufutia rojo.